Bustani na Wasomaji: Kwa nini waridi la rangi ya kakao linageuka chungwa?

Toleo lililopita tuliutaja kwa sentensi mbili tu mwaridi uitwao Hot Cocoa, na barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Kwa ambaye hakusoma: huu ni mwaridi wa jamii ya floribanda, kimo chake hadi kiunoni au kuzidi kidogo, na huchanua kwa vichala badala ya ua moja juu ya kila tawi. Aliyeuzalisha ni Tom Carruth, wakati huo wa kampuni ya Weeks Roses, Marekani, na ulipata tuzo ya All-America Rose Selections ya mwaka 2003. Rangi yake ndiyo inayowashangaza watu. Tumba lake ni damu ya mzee iliyokolea. Likifunguka, petali huwa kama tofali lililokaa tanuruni kupita kiasi, na mgongoni hubaki na kivuli cha moshi. Tumechagua barua saba.

Nilinunua mche wangu Julai ukiwa na maua ya rangi ya kakao kabisa. Mwezi wa pili umetoa maua ya chungwa. Jirani ananiambia niumwagie majani ya chai na nizike misumari yenye kutu. Je, nimeuziwa mche wa uongo? (Msomaji, Moshi)

Hujauziwa uongo, dada. Mche ni uleule, kilichobadilika ni hali ya hewa.

Petali za mwaridi huu zina rangi za aina mbili pamoja. Kuna manjano ya karotenoidi, jamii ileile inayotia rangi karoti na embe bivu, na kuna wekundu wa anthosayanini. Wekundu mzito ukikaa juu ya manjano, jicho linaona hudhurungi. Sasa, wekundu huo ni dhaifu mbele ya joto. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku usipoe, mmea hutengeneza anthosayanini kidogo, na ile iliyokwisha kutengenezwa huharibika upesi. Manjano yanabaki yakionekana, na ua linakuwa chungwa. Moshi mwezi wa pili mchana hupita nyuzi 30 mara nyingi, lakini Julai hukaa karibu na 25. Ndiyo tofauti uliyoiona.

Siku zinazoamua rangi ni wiki moja au mbili za mwisho kabla tumba kufunguka. Kwa hiyo usihangaike na udongo. Majani ya chai yatakuwa mboji kidogo, si zaidi. Chuma cha misumari hakiingii katika rangi ya petali hata chembe. Ua ambalo kweli hubadilika rangi kwa udongo ni haidranja, kwa sababu ya alumini na uchachu wa udongo, na huenda jirani yako amesikia habari hiyo akaihamishia kwenye waridi.

Yafaayo ni haya. Panda mahali penye jua la asubuhi hadi saa sita au saba mchana, kisha kivuli. Saa tano hadi sita za jua zinatosha. Zikipungua, vichala vitakuwa vichache na matawi marefu yaliyonyong'onyea. Kama huna kivuli cha alasiri, tundika neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 ya jua upande wa magharibi katika miezi ya joto tu, kisha uiondoe.

Jambo la pili ni kuhesabu siku. Mwaridi huu huchanua wiki sita hadi nane baada ya kupogolewa. Ukipogoa katikati ya Mei, maua yatafunguka Julai, baridi ikiwa imekaa. Maua ya Februari yatakuja pia, ila yachukulie kuwa ya chungwa na usiyalaumu. Katika miezi hiyo kata kichala alfajiri, ua la kwanza likiwa nusu wazi, ukiweke ndani penye ubaridi. Kitabaki na rangi ya moshi muda mrefu kuliko kikiachwa juani.

Nina kipande cha ardhi cha mita 2 kwa 3 kando ya ukuta. Naweza kuweka miche mingapi, na shimo liwe la ukubwa gani? (Msomaji, Nairobi)

Mitatu, kwa mstari. Minne itaingia, lakini baada ya mwaka mmoja majani yatagusana na hewa haitapita, na ugonjwa wa madoa meusi utakaa humo daima. Acha sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche, na sentimita 45 kutoka ukutani.

Kabla ya kuchimba, uangalie huo ukuta. Ukielekea magharibi na umepakwa chokaa nyeupe, joto la alasiri litarudishwa moja kwa moja kwenye maua. Petali nyeusi-nyeusi hunyonya joto kuliko petali nyeupe: mwaridi mweupe wa Iceberg unaweza kuvumilia mahali hapo, lakini Hot Cocoa utachomeka kingo za petali, mstari mwembamba mweusi uliokauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Wengi hudhani ni ugonjwa. Sivyo, ni ukuta. Acha mtambaa uufunike, au sogeza mstari wako hadi upande unaopata jua la asubuhi.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande na 45 kwenda chini. Lijaze maji kabla ya kupanda, liache likauke, ulijaze tena na utazame saa. Maji yakiwa bado yamesimama baada ya saa tatu, mizizi itaoza. Inua tuta la kimo cha sentimita 20, kisha panda mche juu yake. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu nyingi za Nairobi hushika maji hivyo, ilhali udongo mwekundu hupitisha maji vizuri.

Changanya udongo uliochimba na nusu debe la samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali, na gao moja la unga wa mifupa. Usitie mbolea ya chumvichumvi shimoni. Mizizi michanga ikiigusa huungua, na mche hukaa miezi miwili bila kusogea. Chunguza sehemu iliyovimba kati ya mizizi na matawi, pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipopachikwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine: katika nchi zetu zisizo na barafu ikae juu kidogo ya udongo, kiasi cha vidole viwili. Mwagilia lita 10 siku ya kupanda, kisha lita 10 mara mbili kwa wiki mvua isipokuwepo, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha upana wa kiganja wazi kuzunguka shina.

Mbolea ya dukani ianze baada ya kichala cha kwanza kumalizika: vijiko viwili vya chakula vya NPK 17:17:17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) kwa kila mche, ukivitawanya kwenye mduara wa ardhi ulio chini ya ncha za majani, matone yanapoangukia, na kumwagilia papo hapo, kila baada ya wiki sita hadi nane. Tunawasihi msitumie CAN, mbolea ya nitrojeni, peke yake kwa kuona majani yanashamiri. Nitrojeni ikizidi, matawi yanakuwa laini, vidukari wanajaa kwenye ncha, na maua yanachelewa.

Mwaridi wangu wa kakao ulikaa miaka mitatu vizuri. Baada ya baridi ya mwaka jana umetoa matawi marefu sana yenye maua mekundu ya giza, na umechanua mara moja tu mwezi wa sita. Umebadilika jinsia au vipi? (Msomaji, Minnesota)

Pole sana, ndugu. Haukubadilika. Umekufa, na unaochanua sasa ni mti mwingine.

Miche mingi ya waridi huuzwa ikiwa imebebeshwa: jicho la aina unayoitaka hupachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi ya nguvu. Huko Marekani mbebaji aliyetumika sana ni Dr. Huey, mwaridi wa kutambaa wenye maua ya damu ya mzee yanayotoka mara moja tu, mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi. Maelezo yako yanamfaa yeye kabisa. Baridi yenu iliua kila kilichokuwa juu ya maungio, mizizi ikasalia hai chini na kuchipua ya kwake.

Fukua taratibu uone. Kama bado kuna tawi hai linalotoka juu ya maungio, mti unaokoka. Fuata kila chipukizi la mbebaji hadi linapoanzia mzizini, lishike na livunje kwa kulivuta chini. Ukilikata kwa mkasi usawa wa udongo, macho yaliyobaki yatatoa machipukizi matatu badala ya moja. Usitegemee hesabu ya vijani (vipande vidogo vinavyounda jani moja), ile imani kwamba vijani saba ni mbebaji na vitano ni waridi. Miwaridi mingi ya bustani hutoa saba pia. Angalia chipukizi linaanzia wapi, hapo hutadanganyika.

Kama hakuna kilichosalia juu, ung'oe. Mche mpya usiupande katika udongo uleule, kwa sababu mwaridi mpya kwenye shimo la mwaridi wa zamani mara nyingi hudumaa. Ondoa udongo wa sentimita 45 kila upande ulete mwingine. Kwa baridi ya huko, fukia maungio sentimita 10 chini ya ardhi, na udongo ukianza kuganda rundika tuta la udongo mkavu la sentimita 30 juu ya mche. Vilevile uliza miche iliyooteshwa kwa vipandikizi vyake yenyewe. Hiyo ikifa juu, kitakachochipua chini ni Hot Cocoa uleule. Kwa Minnesota tungechagua hiyo bila kusita.

Wasomaji wa huku nao waliangalie hili. Mbebaji wa kawaida kwenye mashamba ya maua ya Kenya ni Natal Briar. Chipukizi lake huwa na nguvu nyingi, na likiachwa msimu mmoja litaumeza mche wa juu hata pasipo baridi yoyote.

Majani yanaanguka. Mengine yana madoa, mengine yana unga mweupe. Nimepuliza dawa ya duka mara nne bila nafuu. (Msomaji, Lushoto)

Mama, kwanza tutenganishe maradhi, kwa sababu dawa ya moja haitibu jingine, na ulivyoeleza huenda unayo mawili pamoja.

Chuma jani moja ulitazame karibu, kwenye mwanga. Doa likiwa la mviringo, jeusi, na kingo zake zimechanika-chanika kama wino uliomwagika kwenye kitambaa, huku jani likigeuka njano kulizunguka, huo ni ugonjwa wa madoa meusi. Huanzia majani ya chini na kupanda. Vimelea vyake vinahitaji jani libaki na maji saa saba au zaidi ndipo viingie, kwa hiyo ukimwagilia jioni juu ya majani unavifanyia kazi yake. Doa likiwa la zambarau, lenye pembe, limebanwa kati ya mishipa ya jani, na jani linadondoka bado bichi ukiligusa tu, huo ni ubwiri vinyoya. Hupenda baridi na ukungu, hali ya hewa ya Lushoto kuanzia Juni. Geuza jani asubuhi na mapema na unaweza kuona manyoya ya kijivu chini yake. Unga mweupe juu ya majani machanga na shingo za matumba, majani yakijikunja kama kijiko, ni ubwiri unga. Huo hauhitaji jani lililolowa. Siku za joto na usiku wa unyevu zinamtosha.

Yote matatu yanapungua kwa kazi ya mikono kabla ya dawa. Okota kila jani lililoanguka, uchome au uzike mbali, usilitie kwenye mboji. Ondoa matandazo ya zamani uweke mapya. Pogoa katikati ya kichaka ili ukichuchumaa uone upande wa pili. Mwagilia asubuhi. Kwa ubwiri unga tumia salfa ya kuyeyusha majini kwa kipimo cha lebo, lakini kamwe si siku ya joto la kuzidi nyuzi 30, maana huunguza majani. Kwa ubwiri vinyoya salfa haina kazi. Waeleze duka la pembejeo jina la ugonjwa, uombe dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa huo kwenye waridi, na ubadilishe kundi la dawa kila baada ya mara mbili. Dawa hizi nyingi huzuia jani safi lisipate ugonjwa, jani lenye doa halitarudi kuwa zima. Huenda ndiyo sababu mara zako nne hazikuonekana kitu.

Tuongeze la thiripi, kwa kuwa kwenye rangi hii huwadanganya hata wazoefu. Ni vidudu vyembamba, milimita moja hivi, vinavyokwangua petali. Kwenye waridi jeupe utaona michirizi ya kahawia mara moja. Kwenye waridi la kahawia huoni kitu, hadi matumba yaanze kukataa kufunguka. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijiti vya njano au vyeusi vinatembea, kata vichala vyote vilivyofunguka uvitoe bustanini ndani ya mfuko uliofungwa, kisha puliza mafuta ya mwarobaini kwenye matumba jioni, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu.

Sina ardhi, nina kibaraza tu. Utakubali kwenye chungu hapa Dar es Salaam? (Msomaji, Kinondoni)

Utaishi. Rangi ya kakao utaiona Juni hadi Agosti, na miezi mingine utakuwa na waridi la chungwa lililokolea. Kama hilo linakuvunja moyo, chagua rangi nyingine kabla ya kutoa pesa yako.

Chungu kiwe na kina cha sentimita 40 au zaidi na upana wa 40 hadi 45, chenye matundu. Plastiki nyeusi itapika mizizi, chukua cha udongo au cha rangi nyepesi. Mchanganyiko: ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mboji, moja ya mchanga mnene. Ukitumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yaoshe kwa maji matamu mara tatu, kwani hubeba chumvi. Weka upande wa mashariki, jua likome saa tano asubuhi. Mwagilia kila siku hadi maji yatoke chini. Mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi, mara mbili ya ujazo wa chungu, kuondoa chumvi ya mbolea na ya maji ya kisima. Ncha za majani zikikauka kahawia wakati udongo una unyevu, chumvi imezidi. Mbolea nusu ya kipimo cha ardhini, kila wiki nne.

Ndugu yangu yuko Uingereza na ameona unaitwa Hot Chocolate. Ndio huo huo? Aniletee kipandikizi kwenye begi? (Msomaji, Eldoret)

Uingereza Hot Cocoa huuzwa kwa jina hilo la Hot Chocolate, lakini kuna floribanda nyingine ya kahawia, ya New Zealand ya miaka ya 1980, yenye jina hilohilo. Msibishane kwa jina la biashara, ulizeni jina la usajili. La huu ni WEKpaltlez. Herufi kubwa za mwanzo hutambulisha mzalishaji: WEK ni Weeks, KOR ni Kordes wa Ujerumani, MEI ni Meilland wa Ufaransa.

Kwenye begi, hapana. Mmea unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haujasafiri na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka; Tanzania mwenye jukumu hilo ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kipandikizi kimoja chenye kimelea kigeni kinaweza kuingia katika mashamba yanayolisha maelfu ya watu huko Naivasha.

Kichala changu hakipendezi. Ua la katikati linanyauka wakati ya pembeni bado matumba. (Msomaji, Njombe)

Ndivyo floribanda zilivyo: tumba la katikati hutangulia. Kwenye Hot Cocoa huonekana vibaya zaidi, kwa sababu ua likizeeka hupoteza moshi wake na kukaa katikati ya wenzake kama doa la kutu. Kichala kikiwa kichanga, tazama tumba la katikati. Likifikia ukubwa wa njegere, lipinde pembeni kwa kidole gumba, litakatika lenyewe. Usisubiri liwe kubwa, kikonyo kitakuwa kigumu na utaacha kisiki kinachooza. Yaliyobaki, matano hadi tisa, yatafunguka kwa kukaribiana sana.

Kichala kikiisha, kikate chote pamoja na kikonyo chake hadi kwenye jicho lililonona juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje ya kichaka. Pandisha mkasi milimita tano juu ya jicho, ukate mshazari, maji yatiririke upande usio na jicho.